Kilo Mia Tatu na Kumi Mkiani

Jumapili, 15 Juni 2014. Al Qusais, Dubai

Amri ya mapumziko ya mchana imeanza leo. Kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa hakuna mtu kufanya kazi juani, mpaka katikati ya Septemba. Nyuzi 43 kivulini, na kivuli chenyewe yadini kwetu ni cha ndege tu.

Nimenunua daftari kwa sababu kazi hii nataka iandikwe na mimi. Nyingine zote nilizofanya ziliandikwa na watu wengine.

Ndege ni Antonov ya aina ya nane, An-8. Watu wakisikia Antonov hufikiria ile kubwa ya injini nne. Hii ilikuwa na mbili, na hata hizo zimeshaondolewa, mabawa nayo yameshakatwa. Kilichobaki ni kiwiliwili, mita thelathini kutoka puani hadi mkiani, kimelazwa juu ya magogo nyuma ya maghala. Mwenyewe, bwana Saif, anaitaka kwenye kambi yake ya mapumziko huko jangwani, wageni wanywe kahawa ndani. Barabara haimezi mita thelathini. Kwa hiyo tutakata mkia, tutasafirisha vipande viwili, tutaviunga huko huko.

Jina la mhandisi liko kwenye bango la getini. Hesabu ni zangu.

Ninao watu saba. Mmoja ndiye ninayemwachia kamba bila kumwangalia: Ramathan, Mganda wa Iganga, miaka thelathini na sita. Alikuja Dubai kama askari wa geti, akahamia kwenye kunyanyua mizigo kwa sababu, anasema, kusimama bure kunamzeesha. Anaongea sana. Mimi siongei sana.

Jumanne, 17 Juni

Nyuzi 44. Tumetoa mchanga uliojaa tumboni mwa ndege. Ndoo 61. Ramathan anasema 63. Aliyehesabu ni mimi.

Jumatano, 18 Juni

Bwana Saif amekuja na magari mawili na wanawe. Mkarimu; alileta maji ya baridi kwa kila mtu. Alipiga picha, kisha akaniita.

"Jaafar, ndege hii ilipiga nani?"

"Hakuna, sir. Ilibeba askari. Baadaye ilibeba samaki."

"Samaki?"

"Na mbuzi, na sigara. Uzee wake iliumalizia Afrika."

Akafikiri. "Bango litasema ndege ya kivita. Tutaning'iniza bomu moja chini."

"Haikuwa ya mabomu, sir. Ilikuwa na bunduki tu, mkiani."

"Iko wapi?"

"Iliondolewa zamani."

"Basi tutachonga ya mbao, inshallah. Nani atajua?"

Ramathan akanong'ona nyuma yangu, "Mzee, muulize na samaki tuchonge?" Ilibidi nikohoe.

Jumamosi, 21 Juni

Nimekwenda Freezone, kwenye ofisi za kampuni kando ya uwanja wa ndege, kwa metro kuchukua karatasi za ndege kwa meneja wetu, Nabil. Amezaliwa hapa hapa Dubai, wazee wake wa Unguja, na Kiswahili chake kinanishinda. Ana miaka arobaini, na kila siku hunianza kwa shikamoo. Karatasi zenyewe ni kurasa 140, Kirusi kilichogeuzwa Kiingereza na mtu mwenye haraka.

Nimezisoma zote. Ndege hii haikuwa na bahati. Iliundwa itegemee injini fulani, injini hiyo ikashindikana, ikapewa nyingine yenye nguvu ndogo. Zilitengenezwa mia moja na hamsini na kitu, kisha akaja ndugu yake wa injini nne akachukua sifa zote. Jeshi likaitoa. Viwanda vikaibebesha vyuma. Waliokuja kuuziwa mwishoni ni watu wasioweza kununua nyingine, na walioiunda wakatangaza kwamba hawaihesabu tena kuwa ndege ya kuruka. Silihurumii bati. Lakini ukurasa huo niliusoma mara mbili.

Mimi nilikuwa fundi wa uzani kwenye Caribou, jeshi la anga, nyumbani. Ndege nyingine ambayo hakuna anayeikumbuka. Agosti ya themanini na mbili, siku wenzetu wa jeshi la anga walipojaribu kupindua serikali, nilikuwa likizo Mombasa, namzika mamangu. Mtu niliyelala naye chumba kimoja aliandika kwamba aliniona kambini na bunduki. Mstari mmoja. Nikakaa ndani miezi kumi na minne, nikatoka bila cheti hata kimoja. Hapa niliingia mwaka wa tisini na sita, nikaanza kwa kuosha makontena. Kila ninachokijua juu ya kreni, mikanda na mizigo nimejisomea kitandani. Miaka kumi na minane, na bado naitwa fundi.

Jumatatu, 23 Juni

Hesabu ya mkia. Kipande kizima pamoja na bunduki yake, kwa mujibu wa karatasi, kilo 2,910. Bunduki, kiti cha mpigaji na masanduku ya risasi, 270. Bunduki haipo. Toa. Inabaki 2,640. Nikapata mahali mkia unapojipima sawasawa, nikachora mstari mwekundu ubavuni. Mikanda ya kreni itakamata hapo. Dakika arobaini. Mhandisi angechukua wiki.

Alhamisi, 26 Juni

Nyuzi 45. Wakati wa mapumziko Ramathan hakulala. Alikuwa anagonga mkia kwa mpini wa nyundo, kutoka mbele kwenda nyuma.

"Mzee, njoo usikie. Huku inalia. Huku inalia. Huku mwisho hailii. Iko imejaa."

"Mchanga."

"Mchanga si tulitoa?"

"Wewe umesoma karatasi za ndege hii?"

"Mimi karatasi sijui, Mzee. Mimi nimegonga tu."

"Basi kagonge usingizi."

Wenzake wakacheka. Yeye pia akacheka. Sikwenda kusikiliza.

Jumapili, 29 Juni

Mfungo wa kwanza. Kazi sasa tunaanza alfajiri.

Jumatano, 2 Julai

Msumeno umemaliza kukata. Kesho tunanyanyua.

Ijumaa, 4 Julai

Jana sikuandika. Naandika leo kwa mpangilio wake.

Saa nne na dakika kumi asubuhi, mfungo wa tano. Kreni ilikuwa tayari, trela iko sambamba na mkia. Mikanda niliifunga mwenyewe kwenye mstari mwekundu. Kamba ya kuongozea nilimpa Ramathan, nikamwambia asimame kushoto, karibu na gurudumu la trela, kwa kuwa hapo ndipo angeweza kuuona mkono wangu. Nilimsogeza kwa bega. Nakumbuka ovaroli yake ilikuwa imelowa jasho.

Sentimita ishirini, sawa. Hamsini, sawa. Kufika mita moja, nyuma kukaanza kuzama. Haikuwa kwa ghafla. Kulikuwa kunakwenda chini polepole kama mtu anayeketi. Nikapiga kelele dereva ashushe. Mkanda wa mbele ukateleza kwenye bati, kipande kikarudi nyuma, kikagusa chini, kikajilaza upande wa kushoto. Yote ni sekunde nne. Ramathan hakuachia kamba. Mguu wake wa kushoto ukabaki kati ya mkia na trela.

Hakulia. Alinitazama akauliza, "Mzee, mguu uko?"

Nikamwambia uko.

Polisi walikuja, wakapiga picha mikanda, wakaandika majina. Saa kumi watu wote walikuwa wameondoka. Nikaingia mkiani kwa magoti, mpaka kwenye kile kijumba cha mpiga bunduki. Nikafungua sakafu. Pale palipokuwa na masanduku ya risasi pamepangwa vipande vya chuma kama matofali, vimekazwa kwa bolti, vimepakwa rangi ile ile ya kijivu ya ndege. Thelathini na kimoja. Nilikipima kimoja: kilo kumi.

Walipoondoa bunduki waliweka chuma mahali pake. Hawakuiandika. Lakini ilikuwa na haja gani kuandikwa? Ndege ile iliendelea kuruka zaidi ya miaka thelathini baada ya kutolewa bunduki. Mtu wa uzani alitakiwa ajiulize swali moja tu: iliruka vipi, nyuma nyepesi? Kwenye Caribou tulifundishwa wiki ya kwanza: ukitoa nyuma, rudisha nyuma. Wenzangu wasiojulikana walirudisha. Mimi nikaja na kalamu nikatoa.

Mkia ulikuwa na kilo 2,950. Mstari wangu ulikosea kwa sentimita hamsini na mbili.

Jumamosi, 5 Julai

Nimetoa vipande 10. Nyuzi 45. Nimefunga.

Jumapili, 6 Julai

Vipande 12.

Jumatatu, 7 Julai

Vipande 9. Jumla 31. Viko kwenye mapipa mawili nyuma ya kontena la rangi, juu nimemwaga mchanga. Watu wanadhani nakagua bati. Nikaswali adhuhuri. Nilingoja nijisikie vibaya, sikujisikia chochote.

Jumatano, 9 Julai

Hospitali. Mguu umekatwa chini ya goti. Dada yake alikuwepo, Jalia, anasafisha vyumba kwenye hoteli moja ya Al Rigga, kumi na sita kwa siku. Mwembamba, anasimama wima kama anayepimwa urefu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya kwao.

"Mzee Jaafar, anakutaja wewe tu. Anasema ulimwambia mguu uko."

"Ndiyo."

"Ulimtia moyo. Webale, asante, Mzee."

Ramathan alikuwa amelala kwa dawa. Nilikaa dakika ishirini na tano.

Jumapili, 13 Julai

Nabil ameniita Freezone.

"Shikamoo, Mzee Jaafari."

"Marahaba."

"Saumu vipi?"

"Inakwenda."

Akanisogezea karatasi. Ilisema fundi alitoa maelekezo sahihi, na kwamba mfanyakazi, akiwa amefunga, alishikwa na kizunguzungu akaingia mwenyewe kwenye eneo la hatari.

"Nani amesema alishikwa na kizunguzungu?"

"Hapana aliyesema. Lakini mtu kafunga, nyuzi arubaini na tano, unadhani nini tena? Hebu nambie wewe, Mzee. Hesabu zako zina kasoro?"

Nilikuwa naweza kusema. Alikuwa ananitazama kwa heshima, kwa kweli alikuwa anangoja. Nyuma yake dirishani kulikuwa na ndege inapanda, ya abiria, safi.

"Hazina," nikasema.

"Basi. Miye sikulazimishi."

Nikatia saini. Sahihi yangu ina herufi sita na mkia mmoja.

Alhamisi, 17 Julai

Jalia alinialika nifuturu nao wodini. Wali, kuku, tende kwenye kifuniko cha boksi. Ramathan ameamka, amekonda, mdomo umerudi.

"Mzee, mimi sasa nusu ya kilo zangu zimeenda. Nihesabu upya."

"Mguu chini ya goti ni kilo nne hivi," nikasema. Kweli, hivyo ndivyo nilivyosema. Akacheka mpaka muuguzi akaja.

Tulipokwisha kula Jalia akanifuata ukumbini. "Mzee, kampuni wanasema alipata kizunguzungu. Wakisema hivyo, bima inakataa. Anarudishwa Iganga na tiketi na magongo, mguu wa bandia hakuna. Atalima na nini? Wewe ndiye ulikuwa pale. Uliona kizunguzungu?"

"Sikuona vizuri. Jua lilikuwa usoni."

"Jua la saa nne?"

Nikageukia lifti. Akasema, "Kale, haya, Mzee," akanifungia tende zilizobaki kwenye karatasi.

Ijumaa, 18 Julai

Nyuzi 44. Tende nimewapa watu wa chumbani.

Jumatatu, 28 Julai

Idd. Nimelala mpaka alasiri.

Jumanne, 5 Agosti

Tumenyanyua mkia tena. Mikanda ile ile, kreni ile ile, mstari ule ule mwekundu. Ukapanda ukakaa sawa kama meza. Mtu angeweza kuweka bilauri ya chai juu yake. Sasa mkiani hamna chuma, na hesabu yangu ya kilo 2,640 imekuwa kweli.

Nabil alikuwepo, amevaa kofia ngumu iliyo kubwa kwake. Akanipigapiga mgongoni. "Unaona? Hesabu zako zilikuwa barabara tangu mwanzo. Masikini yule, ni saumu tu."

Watu wangu walisikia. Mmoja akasema kwa sauti, "Si tulisema? Ramathan alikuwa anaota anakula rolex, ile chapati ya mayai ya kwao." Wakacheka. Mwingine, aliyekuwa akila naye sahani moja, akasema yeye toka zamani hakupenda kushika kamba na mtu anayeongea kuliko kuangalia.

Mwezi mzima nimekuwa nikiwaona hawa ni watu wema wasiojua. Leo nimewaona wakibadilika mbele yangu kwa sababu ya kitu nilichokitoa kwa mikono yangu, vipande kumi, kumi na viwili, tisa. Nimewapa ushahidi. Walipewa hesabu safi wakaiamini.

Jumatano, 6 Agosti

Mkia umefungwa kwenye trela.

Jumapili, 10 Agosti

Nabil amesema tiketi ya Ramathan imekatwa, tarehe ishirini. "Tumemfanyia wema," akasema, "wengine wangemtoa Julai." Nadhani anaamini. Alitaka kujua kama watu wachange kitu kidogo. Nikasema ni vizuri.

Jumatatu, 11 Agosti

Leo nimemkumbuka yule wa chumba changu wa themanini na mbili. Miaka thelathini na miwili nimemwona kama mtu mwenye chuki. Leo mara ya kwanza nimefikiri labda hakuwa na chuki yoyote. Labda waliweka karatasi mbele yake mchana, palikuwa na joto, na alikuwa anaogopa kitu chake mwenyewe. Haijanipunguzia kitu. Nimeiandika tu.

Jumatano, 13 Agosti

Nimekwenda kwa Ramathan. Sasa anakaa kambini kwetu, chumba cha chini. Alikuwa anakunja nguo za safari. Nikamwambia yote, nimesimama. Bunduki, chuma, mstari, mapipa, saini. Nilianza na kilo kwa sababu ndizo ninazoweza kuzisema bila kusita.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Saa kumi."

"Leo tarehe ngapi?"

"Kumi na tatu."

Akahesabu, midomo ikicheza. "Arobaini na moja."

"Ndiyo."

"Na futari ulikula na dada yangu."

"Ndiyo."

"Mzee, mimi nikidhani ni kweli. Unasikia? Nikidhani labda nilizubaa. Nalala najiuliza, Ramathan, ulikuwa unaota nini wewe? Siku arobaini na moja najiuliza."

Shati moja lilianguka kitandani, nikaliokota.

"Toka," akasema. Halafu, kwa adabu, "Toka, Mzee."

Jalia alikuwa anakuja, bado na sare ya hoteli. Nikamwambia yeye pia, hapo hapo kwenye ngazi. Hakupiga kelele. Alinitazama mikono, kama anaangalia nimeshika nini.

"Basi usiseme kwetu," akasema. "Kaseme kule."

Alhamisi, 14 Agosti

Nimempeleka Nabil nyuma ya kontena la rangi. Nikapindua mapipa, nikapanga vyuma vyote juu ya mizani ya yadi, mbele yake. 310. Nikampeleka mkiani kwenye trela, nikamwonyesha matundu ya bolti, idadi yake, na rangi iliyobaki pembeni mwake. Suruali yake ilichafuka magotini.

Akaketi juu ya pipa.

"Kwa nini leo, Mzee?"

"Kwa sababu anaondoka tarehe ishirini."

"Ungeninyamazia wiki moja tu."

"Ungelala, wewe?"

"Miye nalala. Nina watoto wane." Akajipangusa uso. "Unajua maana yake? Kizunguzungu, bima hailipi. Hesabu mbovu ya fundi wa kampuni, italipa, na mguu wa bandia juu. Lakini wewe, khalas. Na saini ya uongo ushaitia. Nikiipeleka hii, hapana mtu atakayekupa hata ndoo ya kuosha kontena mji huu."

"Peleka."

"Andika mwenyewe, basi. Miye siandiki."

Nikaandika kwa Kiingereza, ukurasa na nusu. Akanisahihishia maneno mawili, akaipiga chapa yeye mwenyewe, polepole, kwa vidole viwili. Sikumtegemea hilo. Jioni alituma ujumbe kwamba tiketi ya tarehe ishirini imesimamishwa.

Jumatatu, 18 Agosti

Ofisi ya kazi. Foleni, namba 88. Afisa aliuliza mara mbili kama kuna mtu amenilazimisha kubadili maelezo. Mara mbili nikasema hakuna. Alitaka kujua kwa nini nilitia saini ya kwanza. Nikasema niliogopa. Akaandika neno moja kwa Kiarabu, akageuza ukurasa.

Jumatano, 27 Agosti

Bima wamekubali. Vipimo vya mguu vinaanza wiki ijayo. Nimesikia kwa Nabil. Ramathan hapokei simu yangu.

Jumapili, 31 Agosti

Visa yangu imefutwa. Siku thelathini za kuondoka. Nyuzi 42.

Niliketi kwenye kitanda nikajaribu kujiona nimeonewa. Nina mazoezi ya miaka mingi. Haikuja.

Jumanne, 2 Septemba

Nimegawa vitabu vyangu vya kreni. Vitatu vimekosa mtu.

Jumapili, 7 Septemba

Jalia amekuja yadini mchana, wakati wa mapumziko, nikimkabidhi fundi mpya vifaa. Hakukubali maji.

"Ramathan anasema ameshukuru kwa bima."

"Nimesikia."

"Mimi sijashukuru. Nimetumwa tu." Akatoa karatasi mfukoni, akaisoma asije akasahau. "Anasema bima wanajua, ofisi wanajua, Nabil anajua. Lakini watu wa yadi hawajui. Juzi mmoja alimkuta msikitini, akamwambia pole, mara nyingine kula daku vizuri. Anataka uwaambie. Si mmoja mmoja. Wote, kwenye mkutano wa asubuhi, na yeye akiwepo."

"Nabil hataruhusu."

"Nimeshatoka kwa Nabil. Amesema dakika tano."

Nilikuwa nimeshafuta saini yangu, nimeshatoa kazi yangu. Nilidhani hesabu imefungwa. Nikamwambia Jalia kwamba watu wale nimewaongoza miaka tisa, kwamba ninaondoka tarehe ishirini na tano, kwamba waniache niondoke.

"Yeye pia aliwaomba hao watu wamwache," akasema. "Utakuja au hutakuja?"

Jumapili, 14 Septemba

Kesho amri ya mchana inaisha. Asubuhi ilikuwa nyuzi 33, watu wanasema baridi.

Walikuwa ishirini na sita, pamoja na wa yadi ya pili. Fundi mpya alisimama pembeni na faili lake. Ramathan aliketi mbele kwenye kiti cha plastiki, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini, magongo juu ya mapaja. Jalia nyuma yake na sare yake. Alikuwa ameomba saa moja kazini. Wengine walikuja kumsalimu. Aliitikia kila mtu, hakumfanyia mzaha hata mmoja.

Nabil akasema, "Mzee Jaafari ana neno," akatazama saa.

Nilikuwa nimeandika kwa Kiswahili, rahisi, ili Mganda na Mtanzania na sisi wa pwani tusikie sawa, na wenzao wawageuzie wengine. Nilisoma:

"Mimi Jaafar Athman niliandika kwamba mkia una kilo 2,640. Ulikuwa na 2,950. Niliondoa kwenye karatasi uzito wa bunduki, na chuma kilichowekwa badala yake sikukitafuta. Ramathan aligonga, akaniambia kumejaa. Nilimfanyia dhihaka mbele yenu. Aliposimama siku ile, nilimsimamisha mimi. Hakuwa na kizunguzungu. Hakuachia kamba. Baadaye nilitoa chuma nikakificha, vipande 31, ndiyo maana mkia ulikaa sawa mara ya pili. Nilitia saini uongo."

Mtu mmoja akasema taratibu, "La ilaha." Yule aliyekuwa akila naye sahani moja alikuwa anatazama viatu vyake. Nje lori lilikuwa linarudi nyuma, likipiga kengele yake.

Nabil akasema, "Haya, yalla, kazini."

Hakuna aliyesogea. Nikaanza kukunja karatasi.

"Bado," akasema Ramathan. Hakugeuka. Alikuwa anawatazama wao. "Wale wa nyuma hawakusikia. Lori lilikuwa linapiga kelele. Soma tena, Mzee."

Nikasubiri lori lipite. Nikasoma tena.